E ya Delphi: Herufi Moja na Wasomaji Wake

Muhula uliopita, katika semina ya uhakiki, ilinifikia zamu ya kuwasilisha matini fupi ya Plutarch kuhusu herufi E iliyokuwa imetundikwa kwenye hekalu la Apollo huko Delphi, Ugiriki. Nilieleza maana ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilikuwa saa nane mchana na wenzangu walikwisha kuanza kusinzia. Mara mmoja aliyekaa nyuma akasema: "Sasa hao wote wanahangaika nini? Si wanamwita Mungu wao? E Mola! E Bwana! Hata mtoto wa chuoni anajua." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akanigeukia mimi, akaniuliza: "Kwa nini isiwe hivyo?" Nikababaika, nikajibu kwamba Wagiriki hawakuwa Waswahili. "Hilo tunalijua," akasema. "Mimi nauliza kwa nini isiwe."

Makala hii ni jibu langu lililochelewa. Nimeona niliandike kwa sababu swali lenyewe si la Delphi tu. Siku hizi katika semina zetu imekuwa kawaida kusema kwamba kila msomaji ana maana yake, na anayeuliza ushahidi huonekana mshamba. E ya Delphi ni kipimo kizuri cha kauli hiyo, kwani hapa matini ni fupi kuliko zote: herufi moja, haina mwandishi, haina tarehe, haina sentensi ya kabla wala ya baada.

Kwanza habari yenyewe. Delphi iko kwenye mteremko wa mlima Parnassus, na kwa karne nyingi watu wa kila upande wa Ugiriki, na hata wafalme wa nchi za mbali, walikwenda huko kumwuliza Apollo mambo yao kupitia kwa mwaguzi wa kike aliyeitwa Pythia. Kwenye baraza la hekalu kulikuwa na misemo, na miwili ndiyo mashuhuri zaidi: ule wa kumwambia mtu ajitambue, na ule wa kumwonya asizidishe jambo. Pamoja na misemo hiyo palikuwa na E. Plutarch hakuwa mpita njia. Alizaliwa kiasi cha mwaka 46 B.K. huko Chaeronea, mji usio mbali sana na Delphi, na ukubwani alikuwa kuhani wa hekalu hilo kwa miaka mingi. Anasema E zilikuwa tatu: ya mbao, ambayo ndiyo ya kale kabisa na iliyoitwa ya wenye hekima, ya shaba, iliyotolewa na watu wa Athens, na ya dhahabu, iliyotolewa na Livia, mke wa Kaizari Augustus. Kwamba kitu hicho kilikuwapo hakuna ubishi, maana sarafu za Delphi za karne ya 2 B.K. zinaonyesha hekalu na E kubwa katikati ya nguzo.

Lakini msomaji azingatie jambo moja. Plato, aliyeandika karne ya 4 K.K., yaani zaidi ya miaka 400 kabla ya Plutarch, anaitaja ile misemo miwili na kusema kwamba wenye hekima saba ndio waliomtolea Apollo. E haitaji. Na Plutarch mwenyewe, pamoja na ukuhani wake, hakuwa na rekodi yoyote ya kumwambia nani aliitundika wala kwa nini. Alichokuwa nacho ni mazungumzo. Anasimulia kwamba siku moja wageni walimbana mbele ya wanawe wamwulize habari ya E, naye akakumbuka mjadala aliowahi kuushuhudia akiwa kijana, wakati Kaizari Nero alipozuru Ugiriki mwaka 67 B.K. Matini yote ni kikao cha barazani: mmoja anasema, mwingine anampinga, wa tatu anakuja na la kwake.

Wa kwanza ni Lamprias, ndugu yake Plutarch. Anadai kwamba wale wenye hekima saba kwa haki walikuwa watano tu: Chilon, Thales, Solon, Bias na Pittacus. Wawili waliobaki, Cleobulus wa Lindos na Periander wa Corinth, walikuwa watawala wa mabavu waliojichomeka katika orodha kwa nguvu ya cheo na marafiki. Basi wale watano wakakutana, na badala ya kugombana na wakubwa wakatundika herufi ya tano ya alfabeti, ambayo pia ni tarakimu ya 5, kuwa ushahidi wao mbele ya mungu kwamba wao ni watano. (Habari ya mtawala kujiandikisha katika orodha ya wasomi haitushangazi sana sisi.) Plutarch anaongeza kijambo kitamu: mwalimu wao Ammonius alitabasamu kimya kimya, akishuku kwamba Lamprias amejitungia mwenyewe halafu akasingizia mapokeo. Sijui kama kuna hadithi nyingine ya kale inayomkamata mhakiki papo hapo namna hii.

Wa pili ni mgeni asiyekuwapo. Mtu mmoja anasema alimsikia Mkaldayo akidai kwamba irabu za Kigiriki ni saba, na sayari ni saba. E ni irabu ya pili, na jua ni la pili baada ya mwezi. Na Apollo ni jua. Wenzake hawamjibu kwa kirefu, nami sitamjibu.

Wa tatu ni Nicander, kuhani, na hapa ndipo utamu unapoanza. Zama hizo herufi hii haikuitwa epsilon. Iliitwa *ei*. Jina la epsilon, yaani "e tupu", lilikuja baadaye sana, pale wanasarufi walipohitaji kuitenganisha na *ai*, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kusikika kama e hiyohiyo. Sasa *ei* katika Kigiriki ni neno pia, na maana yake ni "kama" au "iwapo". Nicander anasema watu wa Delphi wenyewe huisoma hivyo, kwa sababu kila ajaye kwa mungu huanza na neno hilo: anauliza kama atashinda, kama aoe, kama asafiri baharini, kama alime. Mswahili haoni tabu kumwelewa, maana "kama" yetu nayo ndiyo inayobeba maswali ya namna hiyo: alikwenda kuuliza kama mwanawe atapona. Nicander anaongeza kwamba *ei* hutumika pia katika kutamani, kama sisi tunavyosema "laiti".

Wa nne, Theon, anaikubali hiyo "kama" lakini anaipeleka darasani: kishazi cha masharti ndicho uti wa mgongo wa hoja zote, na kwa kuwa Apollo ni mungu wa ukweli, anatufundisha mantiki. Wa tano ni Plutarch mwenyewe, kijana, akichochewa na Eustrophus wa Athens. Anaanza kuisifu namba 5. Mbili ni namba shufwa ya kwanza na wanaiita ya kike, tatu ni witiri ya kwanza nayo ni ya kiume, kwa hiyo tano ni ndoa. Kisha milango ya fahamu ni mitano, na maumbo kamili ya Plato ni matano, na kadhalika na kadhalika. Anazungumza sana. Plutarch mzee anayesimulia anajicheka kidogo: anasema wakati ule alikuwa amepagawa na hisabati. Ni kama sisi wa mwaka wa pili tukishasoma nadharia mpya. Kila kitabu tunachofungua kinaithibitisha.

Wa mwisho ni Ammonius. Yeye anasema *ei* si "kama". Katika Kigiriki kuna *ei* nyingine, kitenzi, ambayo maana yake ni "wewe u", "wewe upo". Mungu anamlaki mja mlangoni kwa kumwambia ajitambue. Mja anajibu kwa neno moja: *Ei*, U. Kwa maana binadamu hatupo kwa ukamilifu. Mtoto hufa akawa kijana, kijana hufa akawa mtu mzima, wa jana amekufa ndani ya wa leo. Mungu peke yake ndiye anayestahili kuambiwa kwamba yupo, bila jana wala kesho. Nimejaribu mara kadhaa kuifasiri hotuba hiyo kwa Kiswahili na kila mara nimekwama pazuri. "Uko" inanipeleka mahali, "upo" inanipa uwepo wa sasa hivi, ila lugha yetu ina kitu ambacho Kiingereza hakina: ile *u* ya "u mzima?" na "u hali gani?" Irabu moja, silabi moja, herufi moja, na maana yake ni "wewe ni". Tungetundika U juu ya mlango wa msikiti wa Lamu, Ammonius angeielewa kabla ya wengi wetu.

Wasomaji wengi wa Plutarch wameipenda fasiri hii ya mwisho kuliko zote, na ni rahisi kuona sababu. Ni nzuri. Inajibizana na msemo wa jirani yake. Ina kina cha falsafa. Plutarch ameiweka mwisho, tena kinywani mwa mwalimu, na hakumpa mtu mwingine nafasi ya kuipinga. Nami katika ile semina niliiwasilisha kana kwamba ndiyo jibu sahihi. Nilikosea, na kosa langu halikuwa la ladha bali la historia ya maandishi.

Herufi hii Wagiriki hawakuibuni. Waliipata kwa Wafoinike, pamoja na alfabeti yote, kiasi cha karne ya 8 K.K. Kwa Wafoinike iliitwa *he* na ilikuwa konsonanti h. Wagiriki, ambao walihitaji irabu kuliko walivyohitaji konsonanti zote zile, waliigeuza ikawa e. Kwa upande mwingine wa ukoo, *he* hiyohiyo iliteremka hadi kwenye herufi za Kiarabu, na ndiyo hiyo ه tuliyoimbishwa chuoni karibu na mwisho wa alifu. E ya Delphi na ه ya juzuu ni mtu na nduguye.

Sasa, Wagiriki wa mwanzo walikuwa na e moja tu ya kuandikia sauti zaidi ya moja. Katika Athens ya zamani E iliandikwa kwa e fupi, kwa e ndefu ya wazi, na kwa e nyingine ndefu iliyobanwa zaidi. Mwaka 403 K.K. ndipo Athens ilipopitisha rasmi alfabeti ya Wagiriki wa Ionia, na H ikachukua kazi ya e ndefu ya wazi. Ile e iliyobanwa ikaja kuandikwa kwa herufi mbili, EI. Jina la herufi yetu lilikuwa na sauti hiyo iliyobanwa, na ndiyo maana baadaye likaandikwa *ei*.

Kumbe maneno "kama" na "wewe u" yana asili nyingine kabisa. Hapo kale yalitamkwa kwa sauti mbili zilizounganika, e na i, na hata katika tahajia ya zamani yaliandikwa kwa herufi mbili: E, kisha I. Sauti hizo mbili ziliyeyuka zikawa moja baadaye tu, ndipo jina la herufi na yale maneno mawili yakaanza kusikika sawa. Kufika zama za Plutarch yote matatu yalitamkwa kama i ndefu. Sikioni mwa Ammonius mchezo wa maneno ulikuwa kamili, hauna ufa. Lakini kama E ya mbao ni ya umri ule inaosemewa, yaani ya siku za Solon na wenzake katika karne ya 6 K.K., basi fundi wa siku hizo aliyetaka kuandika "kama" au "wewe u" asingeandika E peke yake. Angeongeza I.

Ushahidi wa pili ni wa lahaja, na mwanafunzi wa Kiswahili hatauona mgeni. Delphi haikusema Kigiriki cha Athens. Lahaja yake ilikuwa ya kundi la magharibi, na katika kundi hilo "kama" ilikuwa *ai*, si *ei*. Ipo sheria ya ukoo mmoja wa Delphi, ukoo wa Labyadai, iliyochongwa jiweni karibu na mwaka 400 K.K., na masharti yake yanaanza na *ai*. Kwa hiyo Nicander anaposema kwamba hii ndiyo rai ya wenyeji tangu jadi, tunalazimika kumwuliza: wenyeji wa lini? Ni kama mtu akikuonyesha kaida ya kale ya Pemba iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu cha shule. Haki nayo itendeke: wageni wengi wa Delphi walitoka Athens na Ionia, ambako *ei* ilikuwa ya kawaida, na Pythia alizoea kujibu kwa mashairi ya lahaja ya Homer. Kwa hiyo hoja ya lahaja peke yake haiuvunji mlango. Ikishirikiana na hoja ya tahajia, mlango unalegea sana.

Linalobaki ni la kuchekesha. Fasiri inayosimama vizuri zaidi mbele ya historia ya maandishi ni ile ya Lamprias, mtunga uongo: kwamba E ni herufi ya tano kwa mpangilio. Mpangilio wa alfabeti haukungoja matamshi yabadilike. Hata hiyo haithibitishwi, na hapa pia pana mtego, maana Athens iliendelea kwa karne kadhaa kuandika 5 kwa Π, herufi ya kwanza ya *pente*, "tano". Ila angalau haipingwi na jiwe lolote.

Je, Ammonius atupwe? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa pande zote mbili. Kuna maswali mawili ambayo katika semina tunayachanganya kama maji na maziwa. Moja ni: aliyeitundika E alikusudia nini? Jingine: Wagiriki wa karne ya 1 B.K. walipoitazama waliona nini? Kwa swali la pili Ammonius ni shahidi bora. Hotuba yake inatuambia mengi juu ya wafuasi wa Plato waliotamani mungu mmoja asiyebadilika, wakati ambao kina Nero walikuwa wakipita na misafara yao. Kwa swali la kwanza yeye si shahidi kabisa. Anayetumia uzuri wa jibu la pili kujibia la kwanza anafanya alichokifanya Lamprias, tofauti ni kwamba Lamprias alijua anadanganya. Na fasiri nzuri haifi hata ikikosa msingi: mwaka 1889 mwanahisabati Mtaliano Giuseppe Peano, alipotafuta alama ya kusema kwamba kitu fulani "ni" mmoja wa kundi fulani, alichukua epsilon, herufi ya kwanza ya *esti*, "ni". Ndiyo mama wa ile alama ya seti tuliyoandikiwa ubaoni sekondari. Kitenzi cha Ammonius, nafsi ya tatu.

Historia ina mizaha yake pia. Wafaransa walianza uchimbaji mkubwa wa Delphi mwaka 1892. Mwaka 1913 mwanaakiolojia wao, F. Courby, alitangaza kupatikana jiwe ndani ya hekalu alilolitambua kuwa *omphalos* ya kale, yaani kitovu cha dunia, maana Wagiriki waliamini kitovu hicho kiko Delphi. Juu yake akasoma E pamoja na jina la Ardhi. Bwana, ilikuwa furaha! Wasomi wakajenga nadharia za dini ya kale juu ya jiwe hilo kwa miaka karibu 40. Mwaka 1951 Mfaransa mwingine, Jean Bousquet, alilichunguza upya akaonyesha kwamba lilikuwa sehemu ya kijihekalu cha Kikristo cha kando ya njia, na yale maandishi yalikuwa jina la mtu wa zama za karibuni tu. Waliosoma jina la mungu wa kike walikuwa watu makini, wenye elimu kubwa. Ila walikwisha kujua walichokuwa wakikitafuta.

Sina haki ya kuwacheka. Mwaka jana nilipewa nakala ya utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, niuhakiki. Kila aliyezisoma nakala hizo anajua shida: kasra moja hubeba i na e pia, kwa hiyo "kiti" na "keti" huandikwa sawasawa, na ndiyo sababu wanazuoni kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa, karne ya 19, waliongeza alama za kutenganisha irabu. Nakala yangu haikuwa na alama hizo. Mahali fulani nikasoma "akatenda", na juu ya neno hilo nikajenga kurasa mbili na nusu kuhusu mhusika anayeacha maneno akaingia katika vitendo, na dhana ya utendaji katika fasihi ya pwani. Niliipenda sana hoja hiyo. Bibi mmoja wa Lamu, jirani yetu mtaani, aliniomba nimsomee, nilipofika hapo akanikatiza: "Si akatenda, mwanangu. Akatinda. Si kuna mbuzi?" Nikarudi juu beti mbili. Kweli alikuwapo mbuzi. Nilikuwa nimemsoma nikampita, na kule Lamu kutinda ni kuchinja.

Zile kurasa mbili na nusu bado ninazo. Mwalimu alikwisha kuzipa alama nzuri, na nilipomwendea kumwambia habari ya mbuzi alinitazama muda mrefu, akasema niiandike.

Na yule mwenzetu wa nyuma nimemjibu pia. Nimemweleza kwamba Mgiriki akimwita mungu wake alisema *ō*, si *e*, na sauti hiyo ina herufi yake nyingine, ya mwisho kabisa katika alfabeti. Alifikiri kidogo, akaniambia: "Basi fundi alikosea herufi."